Mwenye Uwanja na Mwenye Filimbi: Somo Kuhusu Viwanja vya Ndege Vyetu

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Naomba tuketi pamoja kidogo tujifunze jambo ambalo huku Kisii na Nyamira huzungumzwa sana, hasa uchaguzi unapokaribia, lakini wanaolielewa ni wachache. Jambo lenyewe ni viwanja vya ndege.

Panda matatu yoyote inayotoka Kisii na hutakosa kusikia. Mmoja atasema, "Suneka ipanuliwe, ndege kubwa zitue!" Mwingine naye atamrukia, "Na Nyamira je? Kwani sisi si watu? Tupewe kiwanja chetu!" Mabishano yakipamba moto utadhani kiwanja cha ndege ni kama soko, kwamba ukishapiga mabati na kuita watu basi kazi imekwisha. La hasha! Kiwanja cha ndege ni ardhi, ni hesabu na ni sheria. Kimoja kikikosekana, kinachopotea ni roho za watu.

Katika makala hii nitaeleza mambo matatu. Kwanza, nani hufanya kazi gani katika usafiri wa ndege. Pili, kwa nini milima yetu huwapa marubani kazi ngumu. Tatu, sisi wana wa Gusii tufanye nini na kile kiwanja tulicho nacho.

KAA SI KAA WA PWANI

Tuanze na majina, manake hapo ndipo wengi hujikwaa. Nchini Kenya kuna mamlaka mbili zinazohusika na ndege za raia. Ya kwanza ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya, ambayo jina lake la kifupi ni KAA. Usicheke! Huyu si kaa wa pwani anayetembea upande upande, wala si kaa la moto la kuchomea mahindi. KAA hii iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1991. Kabla ya hapo viwanja vilikuwa mikononi mwa idara ya wizara.

Kazi ya KAA ni ya ardhini. Hujenga viwanja na kuvitunza, huweka lami na taa, hufyeka nyasi, huzungushia ua, huwaweka wazima moto tayari, na hupanga jinsi abiria na mizigo yao watakavyopita. Uwanja wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, wa Moi kule Mombasa, wa Eldoret, wa Kisumu, wa Wilson, wa Malindi, wa Ukunda kule Diani, wa Manda kule Lamu na wa Wajir, yote iko chini yake. Viwanja vidogo kama Suneka, ambacho kiko mwendo mfupi tu kutoka mjini Kisii kwenye barabara ya kwenda Migori, navyo vimo katika hesabu yake.

Mamlaka ya pili ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kwa kifupi KCAA. Hii iliundwa mwaka 2002. Kazi yake ni kulinda usalama. Ndiyo hutoa leseni kwa marubani na mafundi. Ndiyo hukagua ndege kabla haijaruhusiwa kubeba watu. Ndiyo hukagua viwanja vyenyewe, hata vile vya KAA, na ndiyo huwaajiri wale waongozaji wanaokaa minarani na kumwambia rubani, "Wewe ruka, wewe subiri." Hata kijana wa kupiga picha za harusi kwa ndege ndogo isiyo na rubani anahitaji ruhusa ya mamlaka hii, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2020. Kwa hivyo ukiona kijidude kinavuma juu ya hema la harusi huko kwenu, uliza kwanza kama mwenyewe ana ruhusa.

MFANO WA UWANJA WA GUSII

Kama bado hujaona tofauti, hebu twende Uwanja wa Gusii siku Shabana inapocheza. Kuna mtu aliyekata nyasi, akachora mistari kwa chokaa, akafunga nyavu, akafungua malango. Huyo ndiye mwenye uwanja. Halafu kuna mtu mwenye filimbi. Yeye hakukata nyasi hata kidogo, lakini akiona mstari umechorwa vibaya au uwanja umejaa maji, ana uwezo wa kusema, "Leo hakuna mechi." Mwenye uwanja atalalamika, kwa sababu tiketi zimeuzwa na pesa ziko mfukoni. Lakini filimbi ni filimbi.

Sasa jiulize: ingekuwaje kama yule aliyeuza tiketi ndiye pia angekuwa na filimbi? Je, angewarudisha mashabiki nyumbani na kuwapa pesa zao? Si rahisi! Hiyo ndiyo sababu Kenya imetenganisha KAA na KCAA. KAA hupata mapato ndege zikitua kwa wingi. KCAA inapaswa kuwa na moyo wa kusema "hapana" hata kama ndege zimejaa na abiria wamekasirika.

Si nchi zote zilizofanya hivyo. Majirani zetu wa Tanzania wametenganisha kazi hizo mbili kama sisi. Lakini kule Uganda, mamlaka moja iliyoundwa mwaka 1991 ndiyo husimamia usalama wa anga na ndiyo pia huendesha uwanja wa Entebbe. Sisemi ndege za Entebbe si salama. Ninasema tu kwamba mtu mmoja akivaa kofia mbili ni lazima ajue wakati gani amevaa ipi.

Msomaji mkali ataniuliza, "Mbona basi KCAA hutunga kanuni na papo hapo huongoza ndege kutoka mnarani? Si nayo imevaa kofia mbili?" Swali zuri sana. Ni kweli, hata kwetu kutenganisha hakujafika mwisho. Ila ajali ikitokea, anayechunguza si KAA wala KCAA. Ni idara ya uchunguzi wa ajali za ndege iliyo chini ya wizara inayohusika na uchukuzi. Manake huenda makosa yakawa ya mwenye uwanja, na huenda yakawa ya mwenye filimbi mwenyewe. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

HISTORIA KWA UFUPI

Mwaka 1944, Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinaendelea, wajumbe wa nchi nyingi walikutana Chicago, Marekani, wakatia sahihi mkataba wa usafiri wa anga. Kutokana na mkataba huo likazaliwa shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia ndege za raia, ambalo makao yake yako Montreal, Kanada. Kenya ilijiunga nalo mwaka 1964, muda mfupi tu baada ya Uhuru. Ndiyo maana alama zilizochorwa kwenye njia ya ndege ya Nairobi ni zilezile za London, na rubani kutoka Ethiopia akifika Mombasa haoni kitu kigeni.

Uwanja wa Nairobi kule Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958. Usisahau kwamba ulijengwa wakati wa Hali ya Hatari, na miongoni mwa waliochimba na kubeba mawe yake walikuwa wafungwa wa Mau Mau. Kwa hivyo kila abiria anayetua pale na mkoba wake mzuri anakanyaga jasho la wapigania uhuru.

Kwa miaka mingi Kenya, Uganda na Tanzania zilishirikiana angani. Zilikuwa na shirika moja la ndege lililoanzishwa mwaka 1946, na idara moja ya kusimamia anga chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila mmoja akabeba mzigo wake. Ndipo Kenya Airways ikazaliwa mwaka huohuo.

Kuna tukio moja la juzi juzi linaloonyesha kwamba filimbi ina thamani. Kwa miaka mingi hakukuwa na ndege ya abiria ya kutoka Nairobi kwenda Marekani moja kwa moja. Watu wengi walidhani tatizo ni ukosefu wa ndege kubwa. Kumbe Wamarekani hawakuangalia ndege peke yake. Walimfanyia mtihani msimamizi, yaani KCAA, kuona kama anakagua ipasavyo. Mwezi wa Februari 2017 Kenya ikapewa Daraja la Kwanza. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ikaruka kutoka Nairobi hadi New York bila kutua njiani kwa mara ya kwanza. Mwanafunzi mwenzangu, hapo jifunze: shule ikitaka cheti chake kiheshimiwe, ni lazima anayesimamia mtihani naye aheshimike.

KWA NINI MILIMA YETU NI KAZI KWA RUBANI

Sasa tuingie darasa la fizikia, lakini usiogope. Ndege hupaa kwa sababu ya hewa inayopita juu na chini ya mabawa yake. Injini nayo inahitaji hewa ili ichome mafuta. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inazidi kuwa nyepesi. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ushahidi uko hata jikoni: huku kwetu maji huanza kuchemka yakifika karibu nyuzi 94, wala hayangoji nyuzi 100 kama ya Mombasa.

Hewa ikiwa nyepesi, ndege ni lazima ikimbie zaidi kabla ya mabawa kuinuka. Wahandisi wana kanuni yao: kwa kila mita 300 za kwenda juu, ongeza urefu wa njia kwa asilimia 7. Hebu tuchukue kalamu. Tuseme ndege fulani ufuoni mwa bahari inahitaji njia ya mita 1,000. Kwa kimo cha Kisii, 1,700 gawanya kwa 300 ni kama 5.7. Zidisha mara 7, unapata karibu asilimia 40. Kwa hivyo ndege ileile huku itahitaji mita 1,400. Ukiipeleka kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama ulivyo upande wa juu wa Nyamira, itahitaji karibu mita 1,470. Na hapo hatujaongeza joto la mchana, ambalo nalo huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi.

Hii ni sababu moja ya njia ya Nairobi kuwa ndefu mno, mita 4,117, ilhali ile kubwa ya Mombasa, iliyo karibu na bahari, ni mita 3,350. Na hii ndiyo maana mtu akisema "ndege kubwa itue Suneka" anapaswa kwanza kujibu: njia ni ndefu kiasi gani, na mbele yake kuna nini?

Jambo la pili ni mvua. Upepo wa Ziwa Victoria hupanda kuja milimani kwetu, na alasiri nyingi mawingu hujikusanya, radi ikapiga na hata mvua ya mawe ikanyesha. Wakulima wa chai wanaijua. Rubani naye anaijua, ndiyo maana rubani mwerevu hupendelea kuja huku asubuhi.

Jambo la tatu ni upepo wenyewe. Ndege hupenda kuruka na kutua ikiukabili upepo, kwa hivyo njia haijengwi popote palipo wazi. Hujengwa kwa kufuata upepo wa mahali hapo. Ukifika uwanja mkubwa utaona namba zimeandikwa kwenye ncha za njia. Si namba za bahati nasibu. Ni nyuzi za dira zilizogawanywa kwa kumi. Kule Nairobi ncha moja ni 06, maana yake rubani anaelekea nyuzi 60 hivi, kaskazini mashariki. Ncha ya pili ni 24, yaani nyuzi 240. Ukitoa 06 kutoka 24 unapata 18, na kila njia duniani hutoa jibu hilohilo. Jaribu na 08 na 26 za Eldoret uone!

Kwenye viwanja vidogo vingi hakuna mnara. Rubani hutegemea redio, macho yake, na ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia mlingotini kumwonyesha upepo unatoka wapi. Kwa hivyo kama kuna ng'ombe katikati ya njia, hakuna mtu wa kumwonya kutoka juu ghorofani. Atamwona ng'ombe wakati ng'ombe naye anamwona yeye.

MAMBO MAWILI YA KUHUZUNISHA

Msomaji, sitaki kukutisha, lakini ukweli usemwe. Tarehe 24 Januari 2003, majuma machache tu baada ya serikali mpya kuapishwa, ndege iliyokuwa imewabeba mawaziri ilipaa kutoka kiwanja kidogo cha Busia, huku huku magharibi mwa Kenya. Walikuwa wanarudi kutoka sherehe. Ndege hiyo iligonga nyaya za umeme, ikaanguka. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, alifariki pamoja na marubani wote wawili, na mawaziri wengine wakajeruhiwa. Fikiria! Si bomu, si vita. Nyaya za stima tu, kama zile zinazopita nyuma ya darasa letu.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi la anga iliyokuwa inaelekea Marsabit iligonga kilima hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 14 walikufa, wakiwemo wabunge waliokuwa wanakwenda kupatanisha jamii. Walikwenda kutafuta amani, wakakutana na mauti.

Nimetaja ajali hizi mbili kwa sababu zilitokea penye viwanja vidogo, si Nairobi. Watu hufikiri uwanja mkubwa ndio wenye hatari kwa sababu una ndege nyingi. Lakini uwanja mkubwa una mnara, taa, wazima moto na ua mrefu. Kiwanja kidogo kina rubani na Mungu wake. Kwa hivyo kile kidogo ndicho kinachohitaji wanakijiji wenye akili.

Sheria inasema kwamba mtu akitaka kusimamisha mlingoti wa simu au jengo refu karibu na kiwanja cha ndege, apate kwanza kibali cha KCAA. Anayejenga ghorofa kimyakimya kwenye ncha ya njia, ati kwa sababu shamba ni lake, hajengi nyumba tu. Anajenga ukuta mbele ya ndege. Shamba ni lake, ndiyo. Lakini anga iliyo juu yake ni ya watu wote.

NYAMIRA IPATE KIWANJA CHAKE?

Sasa tufike kwenye lile swali la matatu. Wilaya ya Nyamira ilikatwa kutoka Kisii mwaka 1989, na tangu mwaka 2013 kila moja ina serikali yake ya kaunti. Kwa hivyo ni haki Nyamira kuuliza: mwenzetu ana Suneka, sisi tuna nini?

Hebu turudi kwenye hesabu. Chukua ile njia ya mita 1,400. Haitoshi kuwa na njia peke yake, kwani lazima pande zote mbili pawe wazi ili ndege ikiteleza isiingie jikoni kwa mtu. Tuseme upana wote ni mita 150. Zidisha: mita za mraba 210,000. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Kwa hivyo tunahitaji karibu ekari 52, na hapo hatujaweka jengo la abiria, maegesho wala barabara. Ni sawa na kulaza viwanja 29 vya mpira pamoja.

Katika kaunti kama Wajir, ekari 52 si kitu. Lakini huku? Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira zaidi ya 600. Kuna boma ambapo kaka wanne wamegawana ekari mbili za baba yao, na kila mmoja ana migomba yake, mistari michache ya chai na ng'ombe mmoja. Ekari 52 ni maboma mangapi hayo? Ni makaburi mangapi ya mababu yatahamishwa? Na ardhi iwe tambarare! Milima ya Nyamira ni mizuri kwa chai kwa sababu maji hayatuami, lakini huwezi kulaza mita 1,400 bila kukata kilima kimoja na kujaza bonde moja.

Halafu tuulize ndege itabeba nini. Kuna wasemao itabeba chai yetu. Hapana. Chai ni nzito, haiozi haraka, na huuzwa kwenye mnada wa Mombasa kisha husafirishwa kwa meli. Lori linatosha. Vinyago vya mawe vya Tabaka navyo ni vizito. Wewe uliwahi kuinua kiboko cha mawe? Mizigo inayopenda ndege ni ile nyepesi, ya bei kubwa, inayoharibika upesi, kama maua ya Naivasha ambayo hufika Ulaya bado yana umande. Ndizi zetu hazijafika bei hiyo.

Kitu ambacho hakika kinahitaji ndege ni roho ya mtu. Tangu mwaka 1957 kumekuwa na madaktari wanaoruka kutoka Nairobi, kutoka uwanja wa Wilson, kwenda kuchukua wagonjwa mahututi. Kutoka Kisii hadi Nairobi kwa barabara ni zaidi ya kilomita 300. Mgonjwa aliyevunjika uti wa mgongo hawezi kubebwa hivyo kwenye mabonde na matuta. Kwake yeye, kiwanja kidogo kilicho safi ni bora kuliko uwanja mkubwa ulio katika ahadi.

Basi rai yangu ni hii, na anayepinga aniandikie toleo lijalo. Gusii haihitaji viwanja viwili vya kushindania jina. Inahitaji kimoja kinachofanya kazi, na barabara nzuri ya kukifikia kutoka Keroka, Nyansiongo, Ogembo na Nyamira. Tena tuna jirani: Kisumu, kilomita mia moja na kitu hivi, penye uwanja mkubwa. Homa Bay wana Kabunde na Migori wana Lichota. Ekari 52 za Nyamira ziachiwe watu na chai yao. Wivu wa kaunti usitulishe hasara.

WAJIBU WETU SISI WENYE KIWANJA

Jambo la mwisho ni hili. Ardhi ya kiwanja cha ndege ni amana. Wazee waliitoa ili itumiwe na wote, na huku kwetu hakuna zawadi kubwa kuliko ardhi. Ikimegwa kidogo kidogo, leo kibanda, kesho ua, keshokutwa hati ya kumiliki, haitarudi. Hakuna mahali pengine pa kuipata.

Kwa hivyo anayekaa karibu na kiwanja chochote cha ndege ayashike haya:

1. Njia ya ndege si njia ya mkato ya kwenda sokoni wala shuleni.

2. Usilishe mifugo ndani yake, hata kama nyasi ni tamu na kiangazi ni kikali.

3. Usitupe taka karibu nayo. Taka huita kunguru na korongo, na ndege wa mabawa akiingia kwenye injini ya ndege ya chuma, wote wawili hupata hasara.

4. Usichome majani karibu nayo. Moshi humnyima rubani macho.

5. Ukiona ua umekatwa au jengo linachipuka mahali pasipofaa, mwambie chifu mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na wewe unayeota kuwa rubani, fundi au mwongozaji wa ndege, ndoto yako si ya bure. Kule Embakasi kuna Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki, kilicho chini ya KCAA, ambacho kilianza miaka ya 1950. Funguo za kuingilia ni hesabu, fizikia na Kiingereza. Lakini usitupe Kiswahili! Abiria akishtuka ndege ikitikisika, neno la kumtuliza ni lile la nyumbani.

MSAMIATI

Abiria: mtu anayesafiri katika chombo bila kukiendesha. Umoja na wingi hufanana.

Rubani: kiongozi wa chombo. Zamani neno hili lilikuwa la watu wa pwani, likimaanisha anayeongoza jahazi lisigonge mwamba. Leo amehamia angani, lakini kazi ni ileile.

Kupaa: kuinuka kwenda juu. Kinyume chake ni kutua.

Njia ya kurukia: ile barabara ndefu ndege inapokimbilia kabla ya kupaa.

Mnara wa kuongozea: jengo refu wanamokaa waongozaji wa ndege.

Amana: kitu ulichopewa ukitunze, si chako cha kuuza.

MASWALI

1. Eleza tofauti mbili kati ya KAA na KCAA.

2. Ndege inahitaji njia ya mita 800 ufuoni mwa bahari. Itahitaji mita ngapi mahali palipo mita 1,500 juu ya bahari?

3. Ncha moja ya njia imeandikwa 14. Ncha ya pili imeandikwa ngapi? Toa sababu.

4. "Mwenye tiketi asishike filimbi." Jadili kauli hii ukitoa mifano kutoka shuleni kwenu.

5. Je, unakubaliana na mwandishi kwamba Nyamira haihitaji kiwanja chake? Mjibu kwa hoja, si kwa kelele.

Majibu ya swali la 2 na la 3 yapelekwe kwa katibu wa chama. Wa kwanza kupata yote mawili atasoma jibu lake mbele ya mkutano wa Ijumaa. Wasalaam.